Kazi ya Kujua pa Kuketi

Jumanne moja, mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, nilimwona mchungaji akikataa kiti. Nyumba ilikuwa na msiba. Kijana wa pale alikuwa amekwisha kukifuta vumbi kile kiti cha plastiki na kukiweka mahali pa heshima, karibu na mlango. Mchungaji alishukuru, akampisha mzee mmoja aliyekuwa amesimama, kisha akavua viatu na kuketi mkekani, mgongo ukutani, hatua mbili kutoka kwa mjane. Biblia ilibaki kwapani. Kwa muda wa nusu saa hakusema lolote zaidi ya salamu. Mjane ndiye aliyeanza, na hakuanza na kifo. Alianza na maharage: nani atayavuna?

Tangu siku ile sijaamini tena kwamba kazi ya mchungaji ni kuhubiri. Mahubiri ni saa moja, na huyu ninayemsema wala si bingwa wa mimbari. Hurudia mifano, na kwaya zikizidi tatu husinzia waziwazi. Ufundi wake uko katika siku sita zilizobaki, nao ni mgumu kuuona, kwa sababu ukifanywa vizuri hufanana na mtu aliyeketi tu.

Jumatatu ingekuwa siku yake ya mapumziko, ila mji umejaa. Tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa wa Burundi mwaka 2019, wamekuja makarani, walinzi, mafundi ujenzi na wasichana wa kazi za nyumbani, wote wakitafuta vyumba na wengi wao wakitafuta kanisa. Wapo waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, ambao huomba kwa Kiswahili hata pale wanapozungumza Kirundi. Hao anawaweza. Zamani alihudumu Muyinga, na kutoka huko alikuwa akienda mara kwa mara mpakani Kobero, ambako malori husubiri karatasi na madereva husimuliana shida zao kwa Kiswahili cha kila nchi. Anasema alifika akijua Kiswahili cha Biblia peke yake. Cha kumfariji dereva ambaye mkewe amejifungua mbali naye alijifunza palepale, chini ya lori, wakisubiri mvua ipite.

Siku nyingine zina vikao, na vikao sitaviremba. Hesabu ya sadaka, bati lililovuja, kwaya mbili zinazogombea kinanda kimoja. Harusi nazo hufuatana wakati wa kiangazi. Bado hucheka akikumbuka mwaka 2017, serikali ilipoagiza watu wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe kabla ya mwaka kwisha: bwana harusi akaja na wajukuu, bibi harusi akamwuliza kama ni lazima amwahidi tena yule mzee kitu ambacho amemfanyia miaka thelathini.

Alhamisi huenda Ryansoro, vilimani kusini mwa mkoa, alikozaliwa. Petroli ikipatikana hupanda pikipiki. Miaka hii ya karibuni mara nyingi haipatikani, basi baiskeli humfikisha inapofika na miguu humaliza. Nilimfuata mara moja, na njiani nilielewa kwa nini huchelewa. Kila boma lina salamu yake, na salamu ya Kirundi haina haraka. Huuliza ng'ombe, huuliza shule, huuliza goti la mama. Bibi mmoja, meno mawili, alimwita mwanangu ingawa kichwa cha mchungaji ni cheupe kuliko chake. Akamletea pombe ya ndizi kwenye kibuyu, akijua fika kwamba walokole hawanywi. Mchungaji alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakisifu, akampa jirani aliyekuwa na kiu ya kweli. Kumkatalia mtu pombe bila kumkatalia mtu mwenyewe: sijui kama chuo chochote cha theolojia hufundisha hilo. Mjini adhabu yake ni Fanta. Kila nyumba humfungulia chupa, na ziara nane za mchana mmoja si mchezo kwa tumbo la mtu wa miaka sitini.

Kuketi, hata hivyo, kuna uzito mwingine katika mkoa huu. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, watu waliuana vilimani hapa, majirani kwa majirani. Kibimba, palipojengwa misheni ya Waquaker mwaka 1934, wanafunzi walichomwa moto. Kwibuka, nje kidogo ya mji, mchungaji David Niyonzima alikuwa akiwafundisha vijana uchungaji. Askari wakaja, akanusurika kwa kujificha, na wengi wa wanafunzi wake wakauawa. Miaka baadaye Niyonzima alisaidia kuanzisha huduma ya kuwatibu watu majeraha ya nafsi. Mwaka 1996 aliuawa pia Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega. Kwa hiyo benchi la kanisa hapa si benchi tu. Mchungaji wangu anajua nani hawezi kukaa nyuma ya nani, mama gani lazima auone mlango, mzee gani huja akichelewa makusudi ili asimpe mtu fulani mkono. Hajapata kulitangaza hilo. Hupanga viti Jumamosi jioni, akiwa bado na udongo wa kazi za pamoja za asubuhi kwenye suruali, na watu hudhani anapenda usafi.

Anayo daftari, jalada limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilidhani ni la mahubiri. Ni la majina. Jina la Kirundi huwa ni sentensi, na aghalabu mzazi husema ndani yake neno ambalo hangemwambia jirani usoni. Bigirimana: ni mambo ya Mungu. Ntirandekura: kifo hakijaniachia. Mchungaji asiyesikiliza huandika jina na kuita anayefuata kwenye mstari. Huyu husikia habari za nyumba.

Jumapili moja nilikaa upande wa wanaume, karibu na dirisha. Kwaya nne, alisinzia kwenye ya tatu. Baadaye wazazi wakaleta watoto waombewe. Wa mwisho alikuwa kijana mwembamba wa kazi za ujenzi, mkewe nyuma yake, kitoto ndani ya kitenge. Mchungaji akauliza jina.

"Ntamahungiro," kijana akasema.

Hakuna pa kukimbilia. Watu wawili watatu waligeuka. Mchungaji hakuuliza kitu, hakutoa fundisho. Alimchukua mtoto, akaomba kwa sauti ya chini kidogo kuliko kwa wale wengine, akamrudisha kwa mama yake. Ibada ilipokwisha, watu wakipeana mikono uani, nilimwona amesimama kivulini akifungua ule mpira. Aliandika jina, na mbele yake: Jumanne, jioni, kwao. Kisha akalifuta neno jioni akaandika asubuhi, kabla baba hajaenda kazini.