Siku Saba za Mpira wa Mkojo

Fistula ya uzazi huanza pale uchungu unapokawia siku mbili, tatu, bila msaada. Kichwa cha mtoto hubana kibofu kwenye mfupa wa nyonga mpaka nyama inakosa damu, inakufa na kuacha tundu. Tangu hapo mkojo huvuja usiku na mchana. Hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ni mojawapo ya mahali ambapo akina mama wa Kivu huenda kushonwa.

Kwanza sindano ya mgongo, ganzi ishuke kuanzia kiunoni. Miguu inainuliwa. Daktari anaingiza rangi ya bluu kwenye kibofu, kisha anangoja aone inapotokea: tundu liko wapi, lina upana gani, na kama lipo jingine lililojificha. Anatafuta pia midomo ya mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, asije akaishona.

Ndipo inapofika hatua ninayoistahi kuliko zote. Kwa mkasi mdogo uliopinda anatenganisha ukuta wa uke na ukuta wa kibofu, kidogo kidogo, mpaka kingo za tundu zilegee na kukutana zenyewe bila kuvutwa, kwa kuwa mshono uliovutwa huachia. Anashona kwa uzi unaoyeyuka, fundo baada ya fundo, kisha anarudisha rangi ya bluu. Pamba iliyowekwa ukeni ikibaki nyeupe, mpira wa mkojo unaachwa ndani ili kibofu kipumzike.

Ganzi ikiisha, maumivu huanza. Dawa ya kutuliza hutolewa kwa saa zake, mama asingoje mpaka yamzidi. Anahimizwa kunywa maji mengi, na muuguzi anachungulia mfuko wa mkojo tena na tena, maana mpira ukiziba kibofu hujaa na kuukaza mshono mbichi.

Lakini mpira ukae siku ngapi? Kila daktari alikuwa na desturi yake, na wengine walishika wiki mbili au zaidi. Mwaka 2012 ulianza utafiti katika hospitali nane za nchi nane za Afrika, zikiwemo Kongo, Kenya na Uganda. Hakuna aliyepangiwa kundi kabla ya wakati. Siku ya saba ilisubiriwa, mshono ukathibitika umeshika, ndipo kura iliyoandaliwa kwa kompyuta ikaamua: mpira utolewe sasa, au ukae hadi siku ya 14. Waliingia wanawake 524. Kisha wakafuatiliwa mpaka miezi mitatu baada ya upasuaji, na kumrudisha hospitali mtu anayeishi mbali, aliyekwisha kupona, ni kazi inayotaka uvumilivu sawa na ule wa mshonaji.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa waliofuata utaratibu hadi mwisho, mshono uliachia kwa wanawake 10 kati ya 250 waliotolewa mpira mapema, na kwa 8 kati ya 251 waliokaa nao wiki mbili. Siku saba hazikuwa na hatari zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku 7 hadi 10. Mama anarudi kwake mapema, na kitanda kinampokea mwingine.

Hayo ni kwa fistula nyepesi tu. Penye makovu mengi, au palipokwisha kushonwa mara kadhaa, bado daktari huamua siku kwa kumtazama mgonjwa aliye mbele yake.