Uzi Hupanda, Ujumbe Huzama

Tuseme wenyeji wa Nassa, Usukumani, waliotawanyika Bariadi, Mwanza na Dar es Salaam wanatafuta mahali pa kujadili bei ya pamba na uvuvi wa Ghuba ya Speke. Wataanzisha kundi la WhatsApp kabla chai haijapoa. Ningewaomba kwanza waisome fani ya JamiiForums, jukwaa lililoanza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, ambalo sasa linaendeshwa kwa programu ya XenForo.

Pale kila mada ina kichwa na uzi wake. Mchangiaji akimnukuu mwenzake, maneno ya yule hukaa juu ya jibu, hivyo hata msomaji wa mwakani ataona nani alimjibu nani. Pembeni mwa jina ipo tarehe ya kujiunga na idadi ya michango: wasifu wa mtu asiye na sura. Ndipo lile neno “mkuu”, ambalo wachangiaji huitana, linapopata uzito, maana hujui unabishana na profesa au na kondakta. Kwenye WhatsApp, swali la pamba lililoulizwa asubuhi huzikwa adhuhuri chini ya rambirambi, stika na sauti ya dakika nne.

Lakini uzi nao una kasoro. Uliochangiwa mwisho ndio unaopanda juu, kwa hiyo ugomvi hujilisha wenyewe, na hoja iliyojibiwa vizuri hushuka kimyakimya. Tena, katika dagashida, baraza la kimila la Wasukuma, anayesema anaonekana. Jukwaani anajificha, au anadhani amejificha: programu za majukwaa huweza kutunza anwani ya IP ya kila mchango, taarifa ambayo msomaji haonyeshwi. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa, kisha akashtakiwa kwa kuzuia uchunguzi wa polisi, kwa kutotoa taarifa za wanachama.

Basi wana-Nassa wachague programu ipi ya jukwaa? XenForo inalipiwa. Discourse ni ya bure na inapendeza, ila inategemea mno JavaScript, na simu ya bei nafuu huchoka nayo. phpBB, ya tangu 2000, haina urembo lakini ni nyepesi, ningeichagua hiyo. Hata hivyo ningeanzia kwenye mipangilio: anwani za IP zinatunzwa muda gani, nani ana nywila ya kuzisoma, na seva iko nchi gani.