Unga wa Zambia na uvivu wetu

Kila mara bei ya unga inapopanda Lubumbashi, maneno ni yale yale, na sisi wenye diplome njo tunayasema kwa sauti kubwa: "Bakongomani ni bavivu. Udongo iko, mvua iko, lakini tunangojea paka malori ya Kasumbalesa." Mimi pia nilisema hivyo zamani. Leo ninayapinga, kwa sababu ni uchambuzi mbaya, na unamwangukia mtu asiye na kosa.

Tuangalie kwanza ng'ambo ya mpaka. Mkulima mdogo wa Zambia hana jembe peke yake. Tangu 2002 Serikali yake inalipia sehemu kubwa ya bei ya mbolea na mbegu. Tangu 2009 programu hiyo inaitwa FISP. Mkulima anaingia katika koperative, anatoa mchango wake (kwa miaka kadhaa ulikuwa kwacha 400), Serikali inamalizia. Wanaolengwa ni karibu watu milioni 1. Kisha kuko FRA, shirika la Serikali linalonunua mahindi huko huko wilayani, kwa bei inayotangazwa. Kwa hiyo ndani ya mifuko mingi inayoshuka Kasumbalesa kuko pia kodi ya Mzambia. Tunakula bukari na ruzuku ya jirani pamoja. Mkulima wetu wa Kasenga ao wa Kambove, akifika sokoni, hashindani na mkulima mwenzake tu. Anashindana na hazina ya Serikali.

Na kwetu je? Leta hakukosa mawazo. Sheria ya kilimo ya 24 Desemba 2011 iliweka kwa maandishi Mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Hapa Katanga, wakati wa gavana Moïse Katumbi, kampuni za madini ziliagizwa kulima hekta 500 kila moja. Na Service national inalima mahindi Kaniama-Kasese, pamoja na vijana wanaoitwa kuluna waliotolewa Kinshasa.

Sasa tusome mambo hayo matatu vile tulifundishwa kusoma maandishi: nani anatenda? Mfuko, kampuni, kambi. Mama mwenye hekta moja, anayelima na watoto wake, hayuko. Kuko wanaolima mahali pake. Wa kumsaidia yeye mwenyewe kulima, hapana. Halafu tunamwita mvivu.

Sisemi Zambia ni paradiso. FISP inakula sehemu kubwa ya bajeti ya kilimo. Mara nyingi mbolea inachelewa mpaka mvua imekwisha kuanza, na wenye mashamba makubwa kidogo wanafaidika kuliko maskini kabisa. Tena ruzuku haileti mvua: Februari 2024 Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa maafa ya taifa. Anayekula kutoka mkononi mwa jirani, jirani akikosa, naye analala njaa.

Lakini Mzambia aliyenyimwa mfuko wake anajua pa kulalamika. Anaenda kwa koperative, anauliza jina lake, anauliza nani alipata. Mimi niliingia ofisi moja ya teritware, nikauliza: mwaka huu mkulima gani alipata mbolea ya Leta, na mifuko mingapi? Walicheka. Mmoja akaniambia, "Petit, weye unatoka wapi?"

Swali hilo ndilo ninawaachia. Wengi wetu tutarudi kijijini wakati wa likizo. Kabla ya mvua ya Novemba, tupite kwa ofisi ya teritware, tuombe liste: majina, mifuko, franka. Kama iko, tuisome mbele ya watu. Kama haiko, tuandike kwamba haiko, na tuandike jina la teritware.

Siku tutakuwa na liste mkononi, tutaweza kubishana juu ya uvivu. Na pengine hatutabishana tena juu ya uvivu wa mkulima.