Ufundi wa Kuhamisha Maktaba ya Spektra

Maktaba ya spektra ni hazina ya alama zinazotambulisha peptidi. Protini hukatwa kwanza kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya laisini na arjinini. Peptidi zinazopatikana huingizwa katika spektrometa ya tungamo na kuvunjwa tena kuwa ayoni ndogo, kila moja na tungamo na nguvu yake. Maktaba huweka rekodi hiyo pamoja na mfuatano wa asidi amino, chaji, na muda ambao peptidi hutoka kwenye kolamu ya kromatografia. Tangu kundi la Ruedi Aebersold la Zurich lilipochapisha mbinu ya SWATH mwaka 2012, maktaba hizi zimetumika kuchambua data ambamo ayoni za peptidi nyingi zimerundikana katika spektra moja.

Tabu ni kwamba kila programu ina mazoea yake. Skyline, iliyoundwa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, hutumia faili za blib, ambazo kwa ndani ni hifadhidata ya SQLite. SpectraST huandika faili za sptxt. Spectronaut, DIA-NN na OpenSWATH hupokea majedwali ya maandishi, lakini vichwa vya safu havilingani. Aliyejenga maktaba kwa programu moja na kutaka kuitumia katika nyingine hana budi kuihamisha.

Asiyeijua kazi hii hudhani ni kubadili vichwa vya safu tu, kumbe ugumu umo ndani ya seli. Sisteini iliyoongezewa kundi la kabamidomethili hupata nyongeza ya tungamo ya 57.021. SpectraST huiandika C[160], yaani jumla ya sisteini na nyongeza yake. DIA-NN huandika UniMod:4, yaani namba ya badiliko hilo katika orodha ya UniMod. Skyline huonyesha nyongeza peke yake. Mwenye haraka akiichukua 160 kuwa nyongeza, peptidi itatafutwa mahali ambapo haiwezi kuwapo, na huenda faili ikapokelewa bila onyo lolote. Ukimya huo ndio unaoifanya kazi hii istahili heshima: kosa halipigi kelele, linapunguza matokeo tu.

Muda nao una mitego. Faili moja huandika sekunde, nyingine dakika, nyingine kipimo cha iRT kilichoanzishwa mwaka 2012, ambamo peptidi GAGSSEPVTGLDAGAK imewekwa kwenye 0 na LFLQFGAQGSPFLK kwenye 100. Peptidi zinazotoka mapema zaidi hupata namba hasi, jambo linalomduwaza anayedhani anasoma dakika. Isitoshe, kompyuta iliyowekwa kwa Kijerumani huandika mkato penye nukta ya desimali, na namba nzima ikaharibika.

Lakini ustadi wenyewe huonekana katika kuzipa ayoni majina. Faili ya blib inaweza kubeba vilele vya spektra bila kusema kipi ni cha nani, ilhali majedwali mengi hudai kila kilele kitajwe: ni ayoni b (kipande chenye mwanzo wa peptidi) au y (kipande chenye mwisho wake), ya ngapi, yenye chaji gani. Fundi hukokotoa tungamo za ayoni zote zinazowezekana kutoka kwenye mfuatano, kisha huzilinganisha na vilele vilivyopo. Akiruhusu tofauti kubwa mno, ayoni mbili zitagombania kilele kimoja. Akibana mno, vilele halali vitatupwa. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa mashine zote, kwa hiyo ni lazima aijue mashine iliyotoa data. Kilele kisichopata jina huachwa, na jedwali haliwezi kukirudisha. Ndiyo maana faili ya asili haifutwi kamwe.

Peptidi bandia zilizomo katika baadhi ya maktaba, zinazotumika kukadiria kiwango cha utambuzi wa uongo, zitenganishwe mapema. Zikiingia kama peptidi za kweli, kikomo cha asilimia 1 kinachotangazwa hakina maana tena.

Mwaka 2024 muundo wa pamoja uitwao mzSpecLib ulichapishwa ili kupunguza mahangaiko haya, lakini si programu zote zinazousoma. Kwa hiyo uhakiki wa mkono bado unahitajika: kukokotoa upya tungamo ya kila peptidi kutoka kwenye mfuatano na chaji yake, kuilinganisha na iliyoandikwa, kisha kuchambua sampuli ileile inayojulikana kwa programu zote mbili. Maktaba ambayo haijapita mtihani huo isitumiwe kutangaza matokeo.