Kalamu Pembeni ya Kompyuta

Daktari wa tiba ya nyuklia hawezi kutumbukiza kipimio ndani ya ini la mgonjwa akasoma kiasi cha mionzi kilichoingia. Hupiga picha kwa nyakati tofauti, hukadiria dawa imekaa wapi na kwa muda gani, kisha programu ya kompyuta humalizia hesabu. Njia yenyewe ilitangazwa na kamati ya MIRD ya Marekani mwaka 1968: hesabu atomu zinazovunjika, zidisha kwa nishati inayobaki kwenye kiungo, gawanya kwa uzito wake. Programu ya OLINDA, ya Michael Stabin na wenzake, ilipata kibali cha serikali ya Marekani mwaka 2004. Kibali ni jambo jema. Ila mimi namsifu yule anayeketi pembeni ya kompyuta na kalamu, akiikagua.

Yeye huanza na swali ambalo jibu lake analo tayari. Chukua itriamu-90, inayotumika kutibu uvimbe wa ini. Karibu nishati yake yote huchukuliwa na chembe za beta, zisizofika mbali mwilini. Kila saa 64 nusu ya atomu huisha, na kila atomu hutoa wastani wa MeV 0.93. Gigabekereli 1 ikienea sawasawa kwenye kilo 1 ya ini na kuishia humo humo, kalamu hutoa dozi ya takriban gray 50. Hilo ndilo jiwe lake la mzani. Programu ikileta 5 au 500, kuna mahali vizio vimechanganywa.

Kisha anapunguza ini liwe nusu kilo. Sasa lazima zitoke gray 100. Anarudia kwa iodini-131, yenye beta na gama pamoja, na hapo ndipo penye utamu: sehemu ya beta huongezeka takriban maradufu, ya gama haifiki huko, kwa kuwa kiungo kikiwa kidogo gama nyingi zaidi hutoroka. Programu inayozidisha vyote kwa mbili iliandikwa na mtu mwenye haraka.

Wengi huridhika programu mbili zikilingana. Mkaguzi huuliza kwanza zimechota wapi. Programu ya MIRDOSE3 na OLINDA ya kwanza zote zilitegemea vielelezo vya mwili vya Cristy na Eckerman wa maabara ya Oak Ridge, vya 1987. Kosa lililomo humo lingepita kote kimya kimya.

Na zikitofautiana, hakimbilii kulaumu. Ini la mwanamume katika vielelezo hivyo lina gramu 1,910. Katika viwango vipya vya ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, lina 1,800. Kwa beta, tofauti ya asilimia 6 inatoka hapo, wala si kosa. Anaandika sababu pembeni ya tarakimu, anahamia kwenye figo.