Fani na Maudhui Ndani ya Kichupa cha Usingizi

Shuleni tulifundishwa kuigawa kazi ya fasihi mapande mawili: fani huku, maudhui kule. Fani ni kikombe, maudhui ni chai. Iko kazi moja ya mikono ya binadamu inayoukataa mgawo huo: propofoli, dawa ya nusukaputi inayochomwa kwenye mshipa.

Tuanze na sura yake. Kichupa ni cheupe pe, kama maziwa. Ukikipima, maudhui ni haba: miligramu 10 za dawa kwa kila mililita. Kilichobaki ni fani: maji, mafuta ya soya asilimia 10, gliseroli asilimia 2.25, na lesithini ya kiini cha yai asilimia 1.2. Propofoli ni ya ukoo wa mafuta, maji haiyataki, na damu sehemu kubwa ni maji. Lesithini ndiyo mshenga: upande mmoja inashika mafuta, upande wa pili inashika maji. Weupe nao si rangi ya kitu chochote humo; ni mwanga unaotawanywa na matone ya mafuta.

Mama wa Buger, kule Karatu, anayesukasuka maziwa kibuyuni haoni ajabu hapo. Maziwa nayo ni matone ya mafuta yaliyotapakaa majini. Akiyatikisa vya kutosha, matone yanashikana, siagi inajitenga. Kwake hiyo ni riziki. Kwa kichupa ni balaa: dawa iliyojitenga haichomwi. Na kama maziwa, ikishafunguliwa huwa karamu ya bakteria, ndiyo maana iliyovutwa kwenye bomba la sindano humwagwa baada ya saa chache. Maudhui hayana kosa hapo. Kilichoharibika ni fani.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika rasimu za propofoli. Ile ya kwanza, iliyojaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1977, iliyeyushwa kwa Cremophor, kiambato kinachotokana na mafuta ya mbarika. Baadhi ya wagonjwa wakapata mzio mkali. Kampuni ya ICI, alikofanya kazi John Glen, daktari wa mifugo aliyeiibua dawa hii, haikubadilisha propofoli hata chembe. Ilibadilisha fani, ikaja na maziwa haya ya soya na yai. Mwaka 1986 yakaingia sokoni Uingereza kwa jina la Diprivan.

Rasimu nyingine ni maikroimalsheni. Viambato vyenye tabia ya sabuni huongezwa mpaka matone yanakuwa madogo mno, chini ya nanomita 100, mwanga unapita bila kutawanyika, na kimiminika kinakuwa angavu. Hakijitengi ovyo, wala uchafu haupati weupe wa kujifichia. Kwa macho, hii ndiyo fani bora. Lakini Aquafol ya Korea Kusini ilipojaribiwa, wagonjwa walilala vilevile, ila sindano iliwauma zaidi. Sababu ni kwamba propofoli nyingi zaidi ilikuwa huru ndani ya maji, ikigusa ukuta wa mshipa moja kwa moja. Yale mafuta mazito ya soya, tuliyoyaona kama kikombe tu, kumbe yalikuwa yanaizuia dawa isiume.

Kwa hiyo mhakiki asidanganywe na uangavu. Swali lake liwe: fani hii inaficha nini, na inamkinga nani?

Mgonjwa wa Buger anayekimbizwa hospitali kupasuliwa huenda asikutane na maziwa hayo kabisa. Katika vyumba vingi vya upasuaji vya wilayani, dawa inayotegemewa ni ketamini. Nayo ni angavu, lakini uangavu wake haukutafutwa kwa sabuni wala yai: ketamini inayeyuka majini yenyewe. Haihitaji mshenga, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kufika kwake mbali na mjini.