Redio Huuliza, Mkutano Huamua

Kwa miaka mingi Watanzania Bara tulisikia sauti moja hewani, ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa redio binafsi, mambo yaligeuka. Mwanza ikapata Radio Free Africa; baadaye Shinyanga ikawa na Radio Faraja na Geita ikawa na Storm FM.

Vipindi vya siasa vya redio za mikoani vina utamu wake. Diwani huketi studio, simu zikafunguliwa, na mkulima wa pamba wa Kishapu au mchimbaji mdogo wa Nyarugusu akauliza jambo ambalo ana kwa ana huenda asingethubutu. Si haba hata kidogo, kwa watu waliozoea kuambiwa tu.

Lakini vingi huishia hapo. Kiongozi hujibu, "Tumelipokea, tunalifanyia kazi." Mtangazaji hushukuru, muziki hupigwa. Mwulizaji ametua mzigo wa moyoni, kiongozi amepata sifa ya usikivu, na kisima kimebaki kikavu.

Wapo wasemao redio zikiwa nyingi wapiga kura nao huwa wengi. Sivyo. Mwaka 2010 redio binafsi zilikuwa zimekwisha kutapakaa, ila waliopiga kura nchini hawakufika asilimia 43 ya walioandikishwa. Mwaka 2015 walizidi asilimia 65. Nadhani kilichowatoa watu nyumbani mwaka huo ni ushindani mkali: waliona kura yao yaweza kugeuza jambo.

Basi redio imwonyeshe msikilizaji mahali ambapo neno lake lina uzito. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Tangu mwaka 2017 sheria inawataka wenye migodi kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kuwasaidia wananchi wanaouzunguka mgodi. Ni wangapi wamewahi kusikia mpango huo ukisomwa hewani, kijiji kwa kijiji?

Usomwe. Tarehe ya mkutano itangazwe mapema. Kisha, baada ya miezi mitatu, diwani yule yule arudishwe studio, achezewe kanda ya ahadi yake, na aulizwe kisima kiko wapi.